Mwendo Uli Bwanji?

Lucie alikuwa akiosha matundu ya vyuma mguuni mwa mumewe kwa maji ya chumvi, na Byamungu hatulii. Kila kitambaa kilipogusa ngozi aliuliza kama ofisi ya vibali vya kutoka kambini imekwisha kufunguliwa.

"Tulia basi, papa Merveille," mkewe alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Unaruka-ruka sawa mbuzi ya Krismasi."

Misumari mirefu ilichomoza kwenye muundi wake, ikashikwa kwa nje na fito mbili za chuma, tangu ile kabaza, baiskeli ya kukodi, iliyompakia ilipoparamia lori pale Lumbadzi. Mfupa ulikuwa unaunga, lakini unaunga upande. Goti lilitazama mbele, unyayo ukatazama kwa jirani. Byamungu ni fundi cherehani, na pedali haikanyagwi na unyayo wa namna hiyo. Nahayo, Mrundi aliyewahi kusukuma machela hospitalini kwao, alimwambia bila kumficha: wakugeuze sasa, vyuma vikiwa ndani na mfupa ukiwa mbichi. Vikitoka hivyo, umebaki hivyo.

Karani wa vibali alikuwa anakunywa chai. Alimuuliza anafuata nini Lilongwe, na vyuma vile pale mbele ya macho yake. Byamungu akaeleza. Karani akamaliza chai, akamuuliza tena. Mwisho akampa ruhusa ya siku moja, akamwonya asije akalala mjini.

Njiani Byamungu alikaa kiupande, mguu ukiwa mapajani mwa abiria asiyemjua, akapanga maneno yake ya Kichewa cha sokoni. Aliyarudia midomoni mpaka yule abiria akadhani anasali. Unyayo umegeuka, bwana. Naomba muurudishe.

Hospitalini benchi lilikuwa limejaa, na alipoitwa jasho lilikuwa limemlowanisha shati. Mganga wa mifupa hakuinua kichwa.

"Mwendo uli bwanji?"

Roho ya Byamungu ikapoa. Kumbe ni mtu wa adabu, anaanza kwa kuulizia safari. Hata kwao Bukavu mgeni hamwagi shida zake mlangoni.

"Uli bwino, bambo. Zikomo." Ni mzuri, bwana, asante.

Kabla hajafungua yale maneno yake mganga alikwisha kumwita mwingine, na muuguzi alikuwa amemshika kiwiko. Chumba cha pili akamkalisha kitandani, akachukua spana. Byamungu akamuuliza spana ya nini. Muuguzi akamjibu polepole, kama anayesema na kiziwi: wewe mwenyewe umesema mguu ni mzima, basi leo vyuma vinatoka.

Hapo ndipo akakumbuka wauza kuku wa sokoni, wanaonadi mwendo wa kuku. Kwa Wachewa, mwendo ni mguu.

Aliziba fito kwa viganja vyote viwili. "Sista, mi nilijibu safari. Sikujibu mguu."

Mganga aliitwa, akaja amenuna. Sasa ndipo alipoinama, akashika goti, akashika vidole, akavilinganisha kwa jicho. Akakiri kwamba mguu umegeuka kweli, ila kuurudisha ni kazi ya daktari wa upasuaji, na daktari yuko semina. Na fito za kutolewa bure hospitalini ni hizi tu. Akaelekeza kidevu mlangoni, ambako mwanamke alikuwa amelala kwenye machela, mguu wake umefungwa katikati ya vipande vya katoni.

"Njo munitoe mi, avae ye?"

"Tunahamisha, bambo. Ndivyo tunavyoishi hapa."

"Na mi?"

"Utatembea."

"Nitatembea. Nitashona na nini?"

Mganga alitazama saa yake, akasema anakwenda kula, na akirudi akute mtu mmoja ameamua. Muuguzi akaiweka spana kitandani, karibu na paja la Byamungu, akatoka na mganga.

Mume wa yule mwanamke akasogea, sahani ya nsima, ugali wa huko, mkononi, haijaguswa. Byamungu alimngoja amtukane, amwambie mkimbizi rudi kwenu. Hilo angelijua la kujibu. Lakini mtu yule alichuchumaa tu, akamwita achimwene, ndugu yangu, akasema jeraha la mkewe limeanza kunuka. Kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Byamungu alizidi kuzikumbatia fito. Vyuma vilikuwa vimepata joto la viganja vyake. Kutoka mlangoni mwanamke aliguna, akauliza kitu kwa sauti ndogo. Byamungu hakugeuka kumtazama. Alijua akimtazama, mikono itafunguka yenyewe.