Roho ya Okari

Nyumba ya Okari pale Karungu ilijaa wageni hadi wengine wakala wamekaa kitandani. Ilikuwa Sabato, ibada imeisha, na mkewe Mong'ina alikuwa amekaanga mbuta mkubwa na kumtia kwenye mchuzi. Nani angebaki kwake?

Samaki aliletwa na Onyango, mwalimu wa kwaya kutoka Takawiri. Alilamba vidole vyote, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Mama Nyatichi, kwa mkono huu ningekula Sabato hadi Sabato!"

Watu wakacheka. Okari akaweka kijiko chini. Jasho lilikuwa limemtoka usoni.

"Roho inaniuma," akasema.

Sasa, Okari ni Mkisii, muuza ndizi. Kwao enkoro ni moja tu, ya kupenda na ya kudunda, naye alipoitafuta kwa Kiswahili akaokota roho badala ya moyo. Lakini Onyango akiwa ameketi pale na mifupa ya samaki mbele yake, masikio yote yalisikia wivu.

"Aiyaya! Mzee ameshikwa!" Jirani yao Celestine akapiga makofi. "Shem, tulia, ni samaki tu amesifiwa!"

"Roho inaniuma kweli," Okari akarudia, mkono kifuani, akisimama kama anayetafuta mlango.

Uso wa Mong'ina uliwaka. Mbele ya kwaya nzima! "Keti chini, Baba Nyatichi, usiniaibishe," akasema, na kumsukuma begani. Aibu ndiyo iliyousukuma ule mkono zaidi ya hasira, lakini ulisukuma. Okari akaenda nyuma, kisogo kikagonga kona ya kabati, sahani zikalia. Kuna waliocheka tena. Yeye akajishika ukutani, akaingia chumbani.

Chai iliponywewa, Mong'ina alikwenda kumwita aje awaage wageni. Alimkuta ameloa jasho, midomo imekuwa ya kijivu, mkono wa kushoto hauinuki. Hapo kicheko kikaisha. Wakampakia kwenye gari la jirani mwingine, Probox ya Bonface, Celestine na Onyango wakaingia pia, mbio hadi hospitali ya Homa Bay.

Daktari Liz alimwekea nyaya kifuani, akasoma mistari, akawageukia.

"Damu imeganda ikaziba mshipa wa moyo. Kuna sindano ya kuyeyusha hilo donge. Lakini dawa hii haichagui. Kama kuna pahali pengine panavuja, hasa ndani ya kichwa, itafungulia damu na huko, na atakufa. Kwa hivyo niambieni ukweli. Ameanguka? Amegongwa kichwa?"

"Hapana," Okari akajibu haraka, kwa ile pumzi kidogo aliyobaki nayo.

Celestine, ambaye habari ya mtu haijawahi kulala kwake, alianza kuchunguza kucha zake. Onyango alipata kitu cha kutazama kwenye dari.

"Mama?"

"Hajagongwa," Mong'ina akasema.

Muuguzi akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Okari alimtazama mkewe, akamfumbia jicho kidogo, kama mtu anayesema, yaishe. Ni hilo jicho lililomshinda.

"Ngoja! Mimi nilimsukuma. Aligonga kabati. Alisema roho, mimi nikafikiri ni wivu, nikamsukuma."

Vidole vya daktari viliingia kwenye nywele za Okari, vikapata uvimbe, na mgonjwa akakunja uso kwa maumivu. Alizimia? Hapana. Alitapika? Hapana. "Picha ya kichwa kwanza. Sasa hivi!" Hakumkemea Mong'ina. Afadhali angemkemea.

Picha ilitoka safi, hakuna damu ndani ya fuvu. Sindano ikaingia. Jua lilikuwa bado halijashuka ziwani wakati maumivu yalipoanza kumwachilia, na midomo ikarudisha rangi. Daktari alisema wataendelea kumchunga hivyo hivyo.

Mong'ina alibaki peke yake kando ya kitanda. "Baba Nyatichi."

Okari alikuwa ameelekea ukutani. "Ilikuwa lazima useme mbele ya Onyango?"

"Ungekufa."

"Si ungemvuta daktari kando?"

 Kweli, angeweza kumvuta kando, ila halikumjia akilini.

Dirisha lilikuwa wazi, na nje kwenye benchi Celestine alikuwa amepata tena ulimi wake, anawasimulia watu asiowajua. "Akamsukuma hivi! Sisi tunacheka, kumbe mtu anakufa!"

"Na wewe," sauti ya mama fulani ikauliza, "daktari alipouliza, ulisema nini?"

 Mong'ina alingoja jibu. Hata Okari alikuwa anangoja, mtu angejua kwa vile alivyozuia pumzi. Halikuja. Okari akavuta shuka hadi sikioni, na mkewe akainuka kufunga dirisha bila kuchungulia nje.