Korongo Anayeng'oa Vigingi

Kwenye lango la hifadhi, pale mto Rusizi unapoingia ziwani, mlinzi aliyeitwa Salvator alimwambia Assia afungue mfuko. Ilikuwa kazi yake kupekua mifuko ya wageni, kwa sababu plastiki huwanyonga ndege, na kwa sababu kuna watu wanaowaletea viboko mikate. Ndani mlikuwa na kitenge kilichopigwa pasi, kandambili mpya, na kipande cha mukeke wa kukaanga kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya bibi yangu. Nimekuja kumuchukua, nirudi naye Mutakura."

"Anafanya kazi huku ndani?"

"Apana, chef. Ni korongo."

Salvator alikikunja kitenge kama alivyokikuta. "Wa kijivu ama mweupe?"

"Wa kijivu."

"Basi panda mtumbwi, kwa miguu hutamufikia. Lakini samaki abaki hapa. Kulisha wanyama ni marufuku."

"Si mnyama, chef. Ni bibi."

"Awe bibi, asiwe bibi, règlement ni moja, dada."

Assia alimwachia mukeke. Hakuwa amepanda baiskeli ya taxi-vélo jua lote lile ili aje kugombania samaki.

Mambo ya Bibi Khadidja yalikuwa yakijulikana. Ziwa lilipopanda, mtaa wote wa kando ya mto ulihama, watu na magodoro yao kichwani. Yeye alikwenda ofisini kuomba kiwanja kingine, akaambiwa hakuna nafasi, asubiri. Akarudi kusubiria kwake. Maji yalipofika kitandani alipanda juu ya meza, na yalipofika juu ya meza miguu yake ilirefuka. Masika yalipokwisha alikuwa na manyoya mpaka shingoni. Watu wa hifadhi wakapita na mtumbwi, wakamvika pete ya chuma mguuni, na tangu siku ile sheria ikakataza mtu yeyote kumgusa au kumsumbua. Alipokuwa mtu, hakuna aliyemwuliza hata analala wapi.

Assia aliishia darasa la sita, lakini kungoja na kutazama alikujua bila kufundishwa. Alingoja mpaka akapata chumba cha kupanga Mutakura, akaweka kitanda cha pili. Bado majirani walikuwa wakimchoma. "We Assia, unajifunika blanketi, na bibi yako anasimama kwenye mvua kwa mguu mmoja!" Siku hiyo alikuwa ameapa kwamba harudi peke yake.

Mtumbwini alikaa na mgeni mwingine, Mama Orlane wa Kinanira, mwenye kofia pana na kamera shingoni. Salvator alisukuma kwa upondo. Walipita viboko waliokuwa wamelala wamebebana vichwa. Wakapita mdiria, kisha wakafika kwenye paa la msikiti wa mtaa ule, lililobaki juu ya maji. Hapo walikaa mwari watatu, midomo yao mirefu imeinama. Mmoja wao alikuwa Mzee Ilyasi, aliyekuwa fundi cherehani. Bado alifumba jicho moja kila alipomtazama mtu, kama anayempima mabega.

Bibi Khadidja alisimama katikati ya nguzo mbili za baraza yake.

"Assalam aleikum, bibi."

"Wa aleikum salaam. Umelipa mlangoni?"

"Nimelipa."

"Haya. Mutu analipa kuingia kwao."

"Twende nyumbani, bibi. Nimekuletea viatu."

Bibi alizitazama kandambili, akainua mguu mmoja kutoka majini, akautazama na wenyewe, vidole vimetawanyika kama matawi. "Mutoto wangu, ulipima kwa mguu wa nani?"

Salvator alicheka mpaka upondo ukamponyoka. Assia alirudisha kandambili mfukoni. "Utakwenda peku basi. Mi sirudi bila we."

"Siwezi. Niko na kazi."

Akainama, akakibana kwa mdomo kigingi cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, kilichokuwa kimesimikwa pale jikoni kwake. Akakivuta, kikatoka na tope, akakitupa. Ndipo Assia alipoviona vingine. Vilisimama ndani ya maji kwa mistari iliyonyooka, mtaa mzima, na kamba imepita juu yake.

"Nani anapanda miti kwenye maji?"

"Ah, hiyo ni yetu," alisema Mama Orlane, bila ubaya wowote. "Bwana yangu alinunua kwa mutu moja wa bureau ya viwanja. Maji ikirudi nyuma, tunajenga. Na ziwa hapo mbele, unaona? Lakini huyu korongo, kila asubuhi anang'oa. Saa sita vijana wanakuja kupanda tena. Bwana anakasirika, mi apana. Ni muzuri sana." Akampiga picha.

"Mama, kiwanja hiki ni cha bibi yangu."

"Iko na karatasi?"

"Karatasi ilikwenda na maji."

"Oh, pole sana," alisema Mama Orlane, na alikuwa na huzuni ya kweli.

Assia alimgeukia Salvator. Salvator alitazama upondo wake. "Mi ninalinda ndege, dada. Miti si kazi yangu."

"Umesikia?" alisema bibi. "Niliomba, wakasema hakuna nafasi. Ya kumuuzia huyu ilitoka wapi? Mi nikiondoka leo, kesho watasema hapakuwa na mutu. Unataka nilale kwenye kitanda, na we watoto wako waje kulala wapi?"

Assia alivifuata vigingi kwa macho mpaka vilipoishia kwenye matete. Kisha akavua viatu vyake.

"Dada, kuna mamba!" alisema Salvator.

"Wale ni majirani," alisema bibi.

Maji yalimfika kiunoni. Kigingi cha kwanza kilikuwa kimezama sana. Akakikumbatia kwa mikono miwili, akakitikisa kama mtu anayeng'oa muhogo, mpaka tope likakiachia.

"We! Nimesema hiyo ni yetu!"

"Nimesikia, mama," alisema Assia, akashika cha pili.

Salvator alitafakari. Mgeni kushuka mtumbwini ilikuwa marufuku, na alimwambia hivyo. Alimwambia tena, kwa sauti ileile, akaupeleka mtumbwi, na Mama Orlane ndani yake, kwenye kivuli cha matete kungoja. Bibi na mjukuu wakafanya kazi, mmoja kuanzia jikoni, mwingine kuanzia chooni, wakakutana mahali palipokuwa na mlango.

Saa sita vijana walifika na mtumbwi uliojaa vigingi vipya. Walimsalimia bibi kwa heshima, wakamsalimia na Assia, wakaanza kupanda. Assia alisimama kando, maji kiunoni, mpaka walipomaliza mstari wa mwisho na kufunga kamba. Kisha akashika cha kwanza.