Kisima cha Mama Mkwe

Mtaani hakuna aliyeyaombea maji ya chini ya ardhi kama Chupa. Jina hilo alipewa na majirani, kwa kuwa kila baada ya miezi michache alionekana na sanduku la barafu na vichupa vyake vya kazi, akichota maji ya kupimwa kuzunguka kituo cha mafuta cha zamani ambacho tangi lake la ardhini lilitoboka likavujisha petroli. Watu walimsifu kwa uzalendo. Uzalendo gani! Kisima cha mama mkwe wake kilipakana na tangi hilo, na tangu maji yaanze kunuka, mama alikuwa amehamia kwa Chupa mpaka kisima kipone.

Mama mkwe alikuwa mtu mwema. Tatizo lake ni kwamba alikuwapo. Na mkwe ni mkwe. Chupa hakuthubutu tena kukaa kifua wazi sebuleni kwake, wala kukoroma kwenye kochi, wala kumpandishia mkewe sauti. Mama hakumgombeza hata siku moja. "Baba, mimi sisemi kitu," angeanza, kisha angesema vyote.

Mtambo wa kusafisha maji uliofungwa pale kituoni ulikuwa umefanya kazi yake, kikabaki kipimo cha mwisho. Kikitoka safi, kisima kinafunguliwa na mama anarudi kwake. Siku hiyo Chupa alivaa glovu mpya, akajaza kila kichupa pomoni kisibaki hata kipovu. Mwishoni, kama kanuni inavyotaka, akajaza palepale kichupa kimoja kwa maji safi aliyopewa na maabara. Hicho ni cha kumchunga mpimaji mwenyewe, asije akayachafua maji yeye.

Keshokutwa yake mtaalamu wa maabara akampigia simu.

"Chupa, kisima kina petroli."

Chupa alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti.

"Ngoja, usife kwanza. Hata yale maji yetu safi yana petroli! Haikutoka kisimani, kaka. Imetoka kwako."

"Kwangu? Mimi hata pikipiki sina!"

"Basi jinuse."

Alifika nyumbani, akatumbukiza pua ndani ya kola ya shati lake la kazi. Petroli tupu! Pua yake ilikwisha kuizoea harufu hiyo kazini, hata hakushtuka alipolivaa siku ya kipimo. Mama mkwe akamwona, akatabasamu.

"Umeona lilivyotakata? Lilikuwa na doa la rangi. Nikasema mwanangu ana siku kubwa, asiende kama mwizi wa kuku. Nikalisugua kwa petroli alfajiri, kabla hujaamka."

Utamwambia nini mkweo? Chupa alishukuru.

Kazini ilibidi aseme ukweli ili aruhusiwe kurudia. Bosi alicheka mpaka akashika meza. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akamwambia, huku akifuta machozi. Chupa akaoga mara mbili, akaazima shati la jirani, akapima upya. Safari hii vichupa vyote vilitoka safi.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia.

"Mama! Kisima kimepona! Nimepima mwenyewe."

"Kabisa? Hata wajukuu zangu wanaweza kuyanywa?"

"Hata mtoto mchanga! Naapa!"

Mama akapiga vigelegele, na papo hapo mke wa Chupa akaanza kufunga mizigo. Chupa naye hakungoja kuombwa, akabeba masanduku mpaka mlangoni huku akipiga mluzi. La tatu lilifunguka mikononi mwake, akaona suruali zake.

"Hizi mbona zangu?"

"Ndiyo, baba," alisema mama mkwe kwa upole. "Kwangu kuna vyumba vinne, na maji tele. Hapa mmebanana na bomba linatoa upepo. Mimi na binti yangu tulishakubaliana zamani, tulikuwa tunangoja tu wewe uthibitishe kwamba ni salama."

Chupa akamgeukia mkewe. Mkewe akaikagua dari kwa makini.

"Mama," akasema Chupa, "ningeomba nipime tena."