Jubilei Bila Kulishana Keki

Msiba wa Projestus ulisifiwa. Watu waliondoka Ijuganyondo wakisema hawajawahi kuona mazishi yaliyopangika namna ile: viti vilitosha, misa ilianza kwa wakati, na hata mvua iliponyesha kila mtu alikuwa chini ya turubai. Aliyepanga yote hayo alikuwa mjane mwenyewe. Vestina ndiye aliyeongea na fundi wa spika, ndiye aliyewaelekeza wapishi, na jeneza lilipokuwa linashushwa alikuwa anaangalia kama wabebaji wameshika kamba sawasawa. Wenzake walisema amejikaza. Yeye alikuwa anasubiri uchungu uje, kama mtu aliyejikata kwa kisu kikali anavyosubiri damu. Haukuja.

Kupanga sherehe ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na ofisi Nshambya, chumba kimoja kilichojaa vitambaa, maua ya plastiki na nguzo za mapambo, na kutoka humo alisimamia harusi, vipaimara na mahafali ya mji wa Bukoba na vijiji vyake. Matanga yalipoanuliwa alirudi kazini, na cha ajabu ni kwamba kazi haikuharibika. Ilinyooka zaidi. Bibi harusi akilia kwamba maua si rangi aliyoagiza, Vestina alimpa leso na kubadilisha maua. Ndugu wa pande mbili wakigombana, aliwahamishia meza za mbali. Chakula alikula kwa kuwa saa ya kula ilifika. Alilala vizuri. Alijua jambo hilo lilipaswa kumtia aibu, lakini hata aibu yenyewe haikuonekana.

Hali ikiwa hivyo, alikuja Annastella. Alikuwa mwalimu wa sekondari Mwanza, mzaliwa wa Kamachumu kule Muleba, mwanamke wa kucheka kwa sauti na mikono isiyotulia. Wazazi wake, Mzee Rwekaza na Mama Klaudia, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa.

"Nataka kitu ambacho watu hawatasahau," alisema. "Misa ya shukrani, halafu nyumbani. Wavishane pete upya, walishane keki, mzee aseme neno la mapenzi. Wapige picha za juu kwa ile kamera inayoruka."

"Nitakwenda kuwaona kwanza," Vestina alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake tangu zamani. Hakupanga sherehe ya mtu ambaye hajaketi naye. Aliwauliza wenye sherehe walikutana wapi, walikuwa wanakula nini, wimbo gani uliimbwa, na kutokana na majibu hayo alijenga siku nzima.

Walikwenda wote wawili siku ya Jumamosi. Nyumba ilikuwa ndani ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote na mibuni chini yake. Mzee Rwekaza aliwapokea sebuleni, mrefu, amevaa koti. Mama Klaudia aliwasalimia, akawaletea kisahani cha kahawa za kutafuna, akarudi jikoni.

Vestina hakukaa muda mrefu kabla ya kuona jambo. Mzee alisema, "Annastella, mwulize mama yako kama ndizi ziko tayari." Mama Klaudia, ambaye alikuwa amesikia kila neno kwa kuwa mlango wa jikoni ulikuwa wazi, alijibu, "Mwambie baba yako bado kidogo." Chakula kilipokuja, mama alimpakulia mzee vizuri, nyama akamchagulia laini, akaweka sahani mbele yake bila kumtazama.

"Ndiyo utani wao," Annastella alisema haraka. "Wazee hawa!"

Baada ya chakula Mama Klaudia alimwomba Vestina amsindikize shambani akakate majani ya mgomba. Walipofika katikati ya migomba alisimama.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, mama."

"Nilikuwa na mtoto anaitwa Rugambwa. Alikuwa seminarini, akaacha. Baba yake akaona aibu mbele ya parokia nzima, akamwambia asikanyage hapa. Mtoto akaenda Dar es Salaam, akawa fundi wa magari. Akaugua, akafa huko. Simu ilimfikia baba yake. Akawaambia wamzike hukohuko." Alikata jani moja, akalikunja. "Mimi nilikuja kuambiwa mtoto ameshafukiwa. Waitu, mtoto wangu, na kibanja hiki chote kipo! Tangu hapo sijamsemesha. Nampikia, namfulia, nakwenda naye kanisani. Mdomo tu ndio sina."

Vestina alijua kwamba mtu mwingine angemshika mkono mama huyu. Aliutazama mkono wenyewe, ulioshika kisu, akaona tu kwamba ulikuwa na utomvu.

"Tufute sherehe?" aliuliza.

"Usifute. Watoto wamehangaika. Nitakaa hapo mtakaponikalisha. Lakini keki sitamlisha. Pete sitaki. Wala asinishukuru mbele za watu."

"Sawa, mama. Havitakuwepo."

Mama Klaudia alimtazama, labda kwa kushangaa kwamba hakuna aliyembembeleza. "Na wewe una mume?"

"Alifariki mwaka jana. Ajali, njia ya Biharamulo."

"Pole."

"Asante."

Walirudi na majani yao.

Wakati wa kuondoka Mzee Rwekaza alimsindikiza hadi kwenye gari. Annastella alikuwa bado ndani anaaga.

"Amekwambia," mzee alisema.

"Ameniambia."

Mzee alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Wewe ni mtu wa kupanga mambo haya. Hakuna namna ya kuliweka hili kwenye sherehe? Wimbo, au nipewe kipaza sauti, niongee mbele ya padre na watu. Mbele ya watu atanisikiliza."

"Atakusikiliza kwa sababu atakuwa amezibiwa njia," Vestina alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyosema turubai halitatosha. "Mzee, mimi napanga viti na chakula na nani anaanza kuongea. Hilo lenu siwezi kulipanga. Ukitaka kumwambia kitu, mwambie kabla wageni hawajafika."

"Sijui naanzaje."

"Mara ya mwisho kulitaja jina la mtoto ilikuwa lini?"

Mzee alivaa kofia yake.

Njiani kurudi Bukoba Vestina alimweleza Annastella yaliyoondolewa: pete, keki ya kulishana, neno la mapenzi. Annastella alisikiliza mpaka karibu na Kanazi, kisha akalipuka.

"Sasa itakuwa jubilei gani hiyo? Watu watasema nini? Unajua nimewaalika akina nani?"

"Watakula, watacheza, watakwenda kwao. Keki watakata wajukuu wote kwa pamoja. Itapendeza."

"Kwani wewe huumii?" Annastella alikuwa analia sasa. "Nakueleza habari za wazazi wangu, wewe unanijibu habari za keki!"

"Siumii," Vestina alisema. "Samahani. Nimejaribu."

Annastella alimtazama, akajipangusa machozi. Hakumfukuza kazi.

Siku yenyewe Vestina alifika Kamachumu ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Maturubai yalikuwa yamesimama tangu jana. Alipanga meza kuu kwa namna yake: wazee wawili katikati, lakini kati yao alimweka mjukuu mdogo kabisa, aliyekuwa na jina la bibi yake. Hakuna ambaye angeshangaa, na hakuna ambaye angelazimika kumgusa mwenzake. Kisha alipanda kwenye kiti nyuma ya nyumba kufunga kitambaa cheupe kwenye nguzo iliyokuwa karibu na jiko.

Mama Klaudia alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, anamenya ndizi pamoja na kwamba wapishi walikuwepo. Mzee Rwekaza alitoka ndani akiwa amevaa suruali ya suti na fulana. Akasimama mbele ya mkewe. Vestina hakuwa na njia ya kuondoka bila kuonekana, hivyo alibaki juu ya kiti ameshika kitambaa.

"Rugambwa," mzee alisema.

Kisu cha mama kilisimama.

"Rugambwa hakunikosea kitu. Nilikuwa na hasira na mtoto, na hasira yenyewe ilikuwa ya bure. Walipopiga simu niliona kama nimeshinda. Nilishinda nini? Nimekunyima mtoto wako. Na mimi nimejinyima."

Kuku walipita. Mama Klaudia aliinamia ndizi yake, akaanza tena kumenya, maganda yakadondoka moja moja kwenye beseni.

"Sogea," alisema. "Unanizibia mwanga."

Mzee alisogea. Alisimama pembeni kwa muda, akamtazama mkewe akimenya, kisha akaingia ndani kumalizia kuvaa. Alipokwisha kuondoka ndipo Vestina alipotambua kwamba mama yule alikuwa amemsemesha mumewe. Alifunga fundo la kitambaa, likafunguka, akalifunga tena.

Misa ilikwenda vizuri. Nyumbani watu walikuwa wengi kuliko walioalikwa, na rubisi, pombe ya ndizi, ililetwa kwenye madumu. Joackim, mshereheshaji kutoka mjini, alikuwa ameambiwa kila kitu, lakini alikuwa mtu anayelevywa na kelele za watu. Wajukuu walipokata keki, wageni wakaanza kupiga makofi na kuimba, "Walishane! Walishane!" Joackim akasahau, akacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, Mzee Rwekaza, umesikia wananchi!"

Vestina alikwisha kumwashiria fundi wa sauti aweke muziki. Kabla hajabonyeza, Mzee Rwekaza alisimama na kunyoosha mkono, na Joackim akampa kipaza sauti.

"Keki wale watoto," mzee alisema. "Watoto wetu tuliwazaa sita. Hapa mnawaona watano. Wa sita anaitwa Rugambwa. Amezikwa Dar es Salaam kwa amri yangu, na mama yake hajaliona kaburi. Nataka mlijue hilo mnapokula chakula chetu."

Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Joackim alimtafuta Vestina kwa macho. Katika kazi hii ukimya ni adui. Muziki unawekwa, mtu anafanya mzaha, chakula kinatangazwa. Vestina aliinua mkono kumzuia fundi wa sauti, akauacha hewani. Acha wakae nao, aliwaza. Annastella alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge. Mama Klaudia alikuwa anamfuta mjukuu sukari mdomoni, taratibu, kama hakuna kilichosemwa. Mwishowe mwanamke mmoja wa kwaya, nyuma kabisa, alianza wimbo wa marehemu, wengine wakamfuata. Mama Klaudia aliimba beti zote, kichwa amekiinua.

Jioni, wakati viti vinapakiwa, alimjia Vestina na ndizi zilizofungwa kwenye jani.

"Tutakwenda naye Dar baada ya mavuno ya kahawa," alisema. "Nimemwambia atanipeleka kaburini mwenyewe. Sijamsamehe. Tunakwenda tu."

"Ndiyo, mama."

"Na wako yuko wapi?"

"Ijuganyondo. Kwenye kibanja cha kwao."

"Karibu hivyo? Unakwenda?"

"Sijaenda tangu siku ile."

Mama Klaudia alitikisa kichwa mara moja, akamkabidhi ndizi, akaenda kuwaaga wageni.

Siku iliyofuata, Jumapili, baada ya kanisa, Vestina aliwasha gari na kwenda Ijuganyondo. Hakuwa ameamua, aliona tu kwamba amekata kona. Kaburi la Projestus lilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake, saruji imeanza kuota ukungu kwenye pembe. Mtu alikuwa amepalia pembeni, lakini upande wa miguuni magugu yalikuwa yamerudi. Alichuchumaa akayang'oa. Alisubiri kidogo. Hakulia. Aliona tu kwamba msalaba ulikuwa umeinama kidogo upande wa kushoto, na kwamba siku ile ya mazishi, pamoja na macho yake yote, hakuliona hilo.

Mama mkwe alitoka nje akamkuta ameshika msalaba kwa mikono miwili anaunyoosha.

"Vestina! Umekuja, mwanangu?"

"Nimekuja, mama."

"Uache huo, shemeji yako Ishengoma atakuja kuusimika vizuri. Njoo ndani unywe chai."

Vestina alikuwa na wateja wawili wa kuwapigia simu mchana huo. Alifuta mikono kwenye sketi, akaingia ndani, akaketi. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, ilimwunguza koo. Aliinywa yote.