Nakala ya Josephat Kasonso

Ijumaa ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, Gaudensia Mwanisenga alifika ofisi ya Ushirika wa Tulime Pamoja, Mpanda mjini, kwa mara ya tano kueleza kwamba yuko hai. Alikuwa ametoka Kasokola kwa baiskeli, pancha moja njiani, vumbi mpaka magotini. Isidori, karani wa mfumo, alimwona kupitia dirisha akaanza kufuta kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tena. Kuna lolote?"

Isidori akageuza kompyuta ili aone mwenyewe. Mambo yalikuwa pale pale. Kasonso, Josephat, mkuu wa kaya, ekari tatu, mahindi, hali: hai. Mstari wa chini yake: Mwanisenga, Gaudensia, mwenza, hali: marehemu.

"Bado umefariki, mama," alisema. "Pole."

"Asante."

Hapa lazima tuambiane ukweli. Aliyefariki ni Josephat, miaka mitatu iliyopita, kwa homa, mikononi mwa mkewe. Na mkewe ndiye aliyeleta cheti cha kifo ofisini, kitambaa cha msiba kikiwa bado kichwani. Isidori alikipokea, akampa pole, akabonyeza mstari usio wenyewe. Mistari miwili imepandana, kidole kimoja, siku ya joto. Nani hajawahi kukosea? Lakini tangu hapo Gaudensia hakupewa mbolea wala mbegu, maana pembejeo za ushirika huchukuliwa na mwanachama aliye hai, tena mwenyewe. Misimu miwili mahindi yake yalitoka mafupi, ya njano, na ukoo wa marehemu ukaanza kusema kwamba shamba lisilozaa lirudi kwa ukoo. Kama msimu huu nao ungepita hivyo, Gaudensia na watoto wangehama.

"Lakini wewe Isidori si unaniona?"

"Mimi nakuona, mama. Mfumo ndio haukuoni."

Dawa ilikuwa fomu ya marekebisho, na fomu ya marekebisho husainiwa na mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya alikuwa Josephat. Gaudensia alikumbusha kwamba Josephat walishamzika. Isidori akajibu kwa huzuni ya kweli kwamba kwenye mfumo hajazikwa. Basi mama wa watu akachukua fomu nyingine, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na zile nne, akarudi kwenye baiskeli.

Mchana ule ule Isidori alikuwa na kazi nyingine. Makao makuu walitaka kuleta toleo jipya la mfumo, na kabla ya kuugusa ule wa zamani wakaagiza unakiliwe wote, pamoja na hifadhidata yake: wanachama, mazao, stoo, namba za simu, picha, kila kitu, uwekwe kwenye kompyuta ya pili. Toleo jipya lingejaribiwa kule. Kama ni kuharibika, liharibu kule.

Alionywa mambo mawili. La kwanza, kabla hajaiwasha nakala aibadilishe jina, iitwe Majaribio. La pili, aizuie isitume ujumbe kwenye simu za watu. Maana nakala ikiamka bila kuambiwa kuwa ni nakala, hujiona yenyewe ndiye mwenye nyumba. Isidori aliyaandika yote mawili kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri. Nakala ilikamilika saa kumi na nusu. Mazoezi ya kwaya yalikuwa saa kumi na moja, na parokia nzima haikuwa na besi mwingine. Akaiwasha, akaondoka mbio.

Nakala iliamka ikiwa na jina la ushirika. Ikatazama kalenda, ikaona msimu umefika, ikawatumia wanachama wake ujumbe: Jumatatu saa mbili asubuhi, fika mwenyewe kuchukua pembejeo.

Jumatatu wakafika. Walikuwa mia nne na kumi na wawili, wamejipanga kwa namba za uanachama kuanzia mlango wa ofisi hadi kijiwe cha bodaboda, na wote walivaa koti la bluu. Siku ya kupiga picha za uanachama studio ilikuwa na koti moja tu, pana, na mpiga picha hakukubali mtu apigwe bila koti. Mzee kwa kijana, mwanamke kwa mwanamume, wote walipita ndani ya koti lile. Sasa kila mmoja alikuwa na la kwake. Hakuna aliyetabasamu, kwa sababu siku ya picha walikatazwa.

Wanachama wenyewe nao waliupata ujumbe. Walipofika na baiskeli zao na kukuta nakala zao zimetangulia, walilalamikia jambo moja tu, urefu wa foleni. Mbolea haikuongezeka hata mfuko mmoja. Kwa nini watu walinakilika na mbolea ikagoma, nimemwuliza Isidori mpaka akanikasirikia. Ikabidi kila mtu apatane na nakala yake kwa mfuko ule ule mmoja, na wengi walipatana, maana ni vigumu kugombana na mtu anayejua ekari zako zote. Nakala ya Meneja Deogratias ilikuja pia. Wakagawana kiti, mmoja asubuhi, mwingine baada ya chakula.

Mwisho wa foleni, kivulini, walilazwa marehemu saba. Sita ni watu waliokwisha kufa kweli, na familia zao zilinung'unika kuzika mara ya pili wakati wa kulima. Wa saba alikuwa Gaudensia. Gaudensia, aliyekuja kwa ujumbe ulioingia simu ya Josephat, akamwinamia, akamtazama vizuri. Akamfunga vifungo vya koti vilivyoachwa wazi, akaona kwamba amekonda kuliko alivyokuwa akifikiri.

Kando ya maiti alisimama Josephat.

Alikuwa mzima, amenyooka, mashavu yamejaa. Gaudensia moyo ulimruka. Alitaka kumkumbatia, na papo hapo alitaka kumzaba kibao, maana alikuwa na maneno yake ya miaka mitatu ambayo hakupata wa kumwambia.

"Baba Rozalia," aliita.

Josephat hakugeuka. Mfumo haukuwa na majina ya watoto.

"Josephat Kasonso."

"Naam," alisema, akageuka. "Ekari tatu, mahindi."

"Pole na msiba," alisema Gaudensia, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

"Nimeshapoa, mama. Nimefiwa na mwenza."

Wakamzika mchana huo Kasokola, kando ya kaburi la Josephat wa kwanza. Josephat alilisoma jina lake kwenye msalaba wa jirani, akalisoma tena. Ukoo ulikuja wote, ukampa mkono, na maneno ya shamba yakaishia pale pale. Mwenye shamba amerudi, nani tena wa kudai? Gaudensia alipika yeye, kwa kuwa ndiye aliyejua masufuria yalipo. Séverine, jirani yake aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Mishamo, alikaa naye jikoni akimenya mihogo.

"Umejizika vizuri, dada," alimwambia. "Wali umetosha."

"Nyie kuleni tu," alisema Gaudensia. "Sikupata nafasi ya kujiandaa."

Waombolezaji walipoondoka jioni, Josephat alisimama mlangoni akahesabu watu wa nyumba ile. Kumbukumbu zake zilisema ana wategemezi wanne, bila majina. Walikuwepo watoto wawili, mjukuu mmoja, mtoto wa Rozalia, na Gaudensia. Hesabu ikatimia, akaridhika, akaenda kulala sebuleni kwa heshima ya marehemu.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, Gaudensia alisikia jembe. Alitoka akamkuta Josephat ameshamaliza mistari mitano, imenyooka, na koti amelitundika mtini. Sasa, mlioishi na Josephat wa kwanza mnajua kwamba jembe alilijua kwa mpini tu, wa kuegemea akisubiri mtu wa kucheza naye bao. Mchana bao, jioni pombe ya komoni. Lakini mahindi ya shamba lile, yaliyolimwa na kupaliliwa na kuvunwa na mkewe, yalipofika ushirika yaliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya. Magunia sitini kila mwaka, miaka nenda miaka rudi. Nakala haikuwa na habari ya bao. Ilikuwa na habari ya magunia, ikawa mtu wa magunia sitini.

Gaudensia alimtazama mpaka jua likachomoza. Alifurahi, siwezi kuficha. Pia alikasirika sana, kwa sababu jinsi yule mtu alivyoinama, alivyopigapiga donge kwa kisigino cha jembe, na hata alivyotema mate kiganjani kabla ya kuanza mstari, ilikuwa Gaudensia mtupu.

Jumatano alimpikia ugali kwa samaki, migebuka, na alipomaliza kunawa akamwekea mbele fomu moja kati ya zile tano. Mkuu wa kaya alikuwa amepatikana. Kilichobaki ni kusaini. Josephat aliisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini.

"Hii inasema mimi nimefariki."

"Ndiyo."

"Na kwamba Gaudensia yuko hai."

"Ndiyo. Ni mimi."

Josephat akairudisha mezani taratibu. "Mama, nakuheshimu. Unatunza nyumba, unapika vizuri. Lakini Gaudensia tumemzika juzi, na udongo nimemwaga mimi. Siwezi kuweka sahihi yangu kwenye uongo."

Gaudensia akaondoa vyombo. Yule wa kwanza angesaini, tena bila kusoma, kwa kibuyu kimoja cha komoni. Ndiyo bahati ya mtu: mume mzembe akifa, akija mchapakazi anakuja na msimamo.

Alhamisi foleni ilimfikia Josephat. Akapewa mbegu na mbolea za ekari tatu, akaweka dole gumba, mashine ikamkubali mara moja. Gaudensia alikuwa nje ameshika baiskeli. Mizigo ikafungwa nyuma, akaisukuma yeye mpaka Kasokola, na Josephat akatangulia na risiti.

Wiki iliyofuata makao makuu walisema majaribio yamekwisha, nakala ifutwe. Gaudensia alikuwepo ofisini, safari ya sita ya kueleza kwamba yuko hai. Alimkuta Isidori ameketi kati ya kompyuta mbili, mikono ameiweka mapajani kama mtoto aliyevunja kikombe. Mfagiaji alikuwa amezisogeza ili apige deki, na kwa kuwa ile nakala haikupewa jina la Majaribio, zote mbili ziliitwa jina moja, zilikuwa na watu wale wale, na kila moja ilisema yenyewe ndiyo ya kweli.

"Nikifuta isiyo yenyewe, mama, nitakuwa nimewafuta nyie wote," alisema.

"Mimi nilishafutwa. We bonyeza tu."

"Na Josephat akiondoka?"

Gaudensia aliiwazia ekari moja na nusu iliyobaki haijalimwa, na mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Litapunga. Aliuwazia ukoo. Aliwaza pia, na hili alimwambia Séverine peke yake, kwamba ni vizuri asubuhi kusikia jembe la pili.

"Ziache zote," alisema.

Isidori akashusha pumzi, akaandikia makao makuu kwamba kazi imekamilika. Tangu hapo Mpanda tunaishi hivyo. Nakala zinalima, zinahudhuria misa, na padri ameziomba tu zivue makoti wakati wa joto.

Mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika Desemba, chini ya maturubai, mvua ikiwa imeshanyesha mara nne. Meneja Deogratias, yule wa asubuhi, alisimama akasema ushirika umepekua kumbukumbu za miaka kumi ili kumpata mkulima bora, na kumbukumbu hazina upendeleo. Akamwita Josephat Kasonso wa Kasokola. Akampa cheti na bomba jipya la kupulizia dawa. Watu walipiga makofi. Baadhi yao walikuwa wamecheza bao na Josephat miaka kumi hiyo hiyo, na hao ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

Josephat alikishika cheti kwa mikono miwili.

"Sina maneno mengi," alisema. "Namshukuru marehemu mwenza wangu, aliyekuwa akinipikia nikitoka shamba."

Hilo halikuwemo kwenye mfumo. Alilitoa mwenyewe, kama wanaume wanavyolitoa kila mahali. Gaudensia, kwenye benchi la nyuma, alikuwa na mikono mapajani, viganja juu, vimejaa sugu. Iliuma. Iliuma kuliko siku aliyojizika. Mtu wa pembeni yake alimgusa bega akamwambia mama, piga makofi, naye akapiga.

Baada ya mkutano Meneja alikaa mezani na daftari la rambirambi kwa ajili ya marehemu saba wa mwaka ule. Lilikuwa na sehemu tatu: jina la marehemu, uhusiano, sahihi. Gaudensia alipofika mbele, Meneja aliinua kalamu.

"Marehemu yupi, mama?"

"Gaudensia Mwanisenga."

"Ah, mke wa Bwana Josephat. Wewe ni nani yake?"

Gaudensia akafikiri. Nyuma yake watu walikuwa wengi, na soda zilikuwa zinakwisha.

"Tulikuwa tunalima wote," alisema. "Shamba moja."

"Pole sana," alisema Meneja, na alimaanisha. Akaandika: rafiki wa marehemu. Kisha akamsogezea daftari. Gaudensia akainama, akaandika jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, Gaudensia Mwanisenga, na Meneja akalitazama akamwambia kwamba ana mwandiko mzuri.