Mjaluo Aliyetetea Tohara

Nilianza kazi nikiwa mwandishi wa habari, mtu wa kuuliza maswali. Baadaye nikawa mshawishi, mtu wa kuwanunulia wabunge kahawa. Mwisho nikawa msemaji wa chama kimoja cha Wayahudi hapa Stockholm, mtu wa kuyakwepa maswali yaleyale niliyokuwa nikiuliza zamani. Mama yangu kule Siaya, Kenya, huwaambia majirani kwamba mwanawe ni mkubwa kwa Wayahudi. Sijamsahihisha, maana hiyo nayo ni kazi ya mawasiliano.

Aliyeniajiri ni Halina, mwenyekiti wa chama, mama mfupi aliyefika kutoka Poland mwaka 1969 na sanduku moja la nguo. Kwenye usaili nilimwambia kwamba naweza kujibu swali lolote bila kulijibu. Akacheka, nikapata kazi.

Mwaka 2011 mbunge mmoja alileta hoja ya kupiga marufuku tohara ya watoto wa kiume. Wakati huo binti yake Halina alikuwa mjamzito, na kipimo kilikuwa kimeonyesha mvulana. Halina akaniita ofisini kwake.

"Mjukuu wangu atatahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa, sebuleni kwangu, mapazia yakiwa wazi," alisema. "Sitaki tujifiche. Jumanne tunawaalika wabunge kifungua kinywa, na wewe ndiye utakayezungumza. Sisi wamechoka kutusikia. Wewe ni Mwafrika, kwenu pia mnatahiri."

Mtu mwenye akili angesema kitu hapo. Mimi nilisema, "Bila shaka, Halina," nikaenda kuandika hotuba.

Kwetu hatutahiri. Mimi ni Mjaluo. Wazee wetu waling'oa meno ya chini, na hata hilo lilikwisha kabla sijazaliwa. Mke wangu Nyokabi ni Mkikuyu, na kwao asiyetahiriwa hahesabiwi mtu mzima. Nina mvi, nina mtoto wa sekondari, lakini shemeji zangu wakipiga simu humuuliza Nyokabi, "Yule kijana hajambo?"

Jioni ile, jikoni kwetu katika mtaa wa Bredäng, nilimsomea Nyokabi hotuba yangu. Aliacha kukata sukuma wiki.

"Baba Cliff, wewe ndiye utaenda kutetea tohara? Wewe?"

"Ni kazi tu, mama."

"Na hao watu wanajua?"

"Hawajauliza."

"Watauliza," alisema, akarudi kwenye sukuma yake. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Jumanne nilizungumza vizuri mno. Nilitaja mila, familia, heshima. Wabunge walitafuna mkate wakitikisa vichwa kukubali, na Halina alinitazama kama mama anayemtazama mwanawe akipewa zawadi shuleni. Kisha mbunge mmoja, mama mwenye sauti ya upole, akainua mkono.

"Na wewe mwenyewe, ulitahiriwa ukiwa na umri gani?"

"Swali zuri," nilisema. "La msingi ni haki ya familia."

"Ndiyo, lakini ulikuwa na umri gani?"

"Nadhani tulitazame jambo hili kwa upana."

Wenzake wakaacha kutafuna. Shati lilinigandama mgongoni.

"Sikutahiriwa," nikasema.

"Na unaishi vizuri?"

"Vizuri sana, asante."

Miaka yote nimelipwa kutojibu, na siku ya siku nikajibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halina akaweka kikombe chini.

"Ndugu yangu Marek naye anaishi vizuri," alimwambia yule mbunge. "Alizaliwa baada ya vita, na mama hakumtahiri. Wakati wa vita Wajerumani waliwavua wanaume suruali ili wawatambue Wayahudi. Kaka zake mama walichukuliwa hivyo. Marek hakuachwa kwa ajili ya uhuru, mheshimiwa. Aliachwa kwa sababu ya woga. Sitaki mjukuu wangu naye aamuliwe na woga."

Hakuna aliyemaliza mkate wake. Hoja ilikuja kufa bungeni bila msaada wangu, ingawa kwenye wasifu wangu nimeiandika kama ushindi.

Tulipotoka nje nilimwambia Halina kwamba nitaandika barua ya kujiuzulu.

"Ungeniambia," alisema.

"Hukuniuliza."

"Nilikuajiri kwa sababu hujibu maswali, sasa nalalamika nini?" Akafunga kitambaa chake shingoni. "Siku ya sherehe uje. Ulete maua, barua sitaki."

Nilikwenda. Mapazia yalikuwa wazi kama alivyoahidi, na jirani wa ng'ambo alikuwa akimwagilia vyungu vyake vya maua huku akitutazama. Wanaume walisogea mbele kumzunguka mtoto. Mimi nilirudi nyuma hadi ukutani. Palikuwa na mzee amesimama hapo tayari, kofia mkononi.

"Wewe ndiye yule msemaji?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Marek. Sherehe hizi huwa nasimama huku nyuma. Maisha yangu yote nimedhani niko peke yangu chumbani."

Nilitafuta la kumwambia. Nina maneno ya kila tukio, ya furaha na ya msiba, yameshaidhinishwa na kamati. Sikupata hata moja. Mtoto akalia. Marek akanishika mkono, nami nikaushika wake kwa nguvu, tukafumba macho, wanaume wawili wazima, mpaka mtoto akanyamaza.