Mtoto wa Mama Chepkoech

Ifahamike kwa umma wote, wa Nandi na wa ng'ambo, kwamba jioni hii ya Februari, mwaka tisini na nane, Kimutai wa Annandale, huku ughaibuni, ataingia msituni peke yake, gizani, juu ya theluji, kwa baiskeli ya milimani, na atatoka humo akiwa shujaa.

Tangazo hilo alilisoma mbele ya kioo cha bafuni. Kisha akatoka kupitia dirishani, akapanda baiskeli, na kuanguka kabla hajafika kwenye mapipa ya taka.

Safari ilikuwa ya siri. Mama yake, muuguzi, alikuwa ameapa: utundu mmoja zaidi, na Kimutai atarudishwa shule ya bweni kule Nandi, akaoge maji baridi alfajiri. Kwa hiyo alijitia homa. Mama alipoingia jikoni kuwapikia wageni wa ibada ya Ijumaa, Kimutai alipanga mito chini ya blanketi na kuvaa boshori, iliyomfunika uso wote isipokuwa macho.

Mchana aliujua msitu ule vizuri. Sasa theluji ilikuwa imefuta vijia vyote, na taa ya baiskeli ilimulika duara dogo tu, kama sahani. Kijito kilichokuwa kushoto kikatokea kulia. Alipanda kilima alichodhani anakiteremka. Miti yote ilifanana, na hakuna hata mmoja uliomsogelea kumsaidia. Alipoziona taa za nyumbani, nusura azipigie saluti. Angefika kitandani kabla wageni hawajamaliza kuimba.

"Chepkoeeech!"

Tochi zilikuwa zinaingia msituni. Kimutai akaduwaa. Chepkoech ni dada yake mkubwa. Husoma jioni chuoni, ng'ambo ya msitu, na hurudi kwa kijia hicho. Lakini Kimutai mwenyewe ametoka humo sasa hivi, na hakumwona mtu.

Bwana mmoja mwenye koti refu akamsimamisha. Alikuwa Ndikumana, Mrundi, mgeni kabisa katika ushirika.

"Weye wa kinga!" akaita, akiishika baiskeli. "Umeona mutoto?"

"Mtoto gani?" Kimutai alijibu kwa sauti nzito ya kuazima.

"Wa Mama Chepkoech. Amepotea humu."

"Amepotea vipi?"

"Mimi najua? Mama analia, tukachukua torshi, tukatoka."

Dirisha lilikuwa pale pale, wazi, na hakuna aliyemtambua. Kimutai akalitazama. Kisha akageuza baiskeli.

"Nifuateni!"

Akatangulia, akiteleza, akianguka, akiita. Aliwaza barafu nyembamba ya kijito, na sauti nzito ikamtoroka.

"Nani huyo mbele?" aliuliza Laurean, Mtanzania aliyekuwa akihema nyuma.

"Mzungu wa kusoma Kiswahili," akajibu Ndikumana. "Nani mwingine anapanda kinga kwenye barafu usiku?"

"Mzungu gani analia 'dada yangu'?"

Kwenye daraja la mbao akatokea msichana na mkoba wa vitabu.

"Mbona mnaniita? Nani amekufa?"

"Tunamutafuta Chepkoech," akasema Ndikumana.

"Chepkoech ni mimi. Natoka darasani."

Tochi zikampima juu chini. Mama yao akafika mbio, koti juu ya aproni.

"Si huyo! Mdogo wake, yule mgonjwa! Tumeenda kumwombea kitandani, tumekuta mito!"

Kule nyumbani, waliokuwa mbele walimsikia mama akilia kuwa mtoto amepotea. Wa nyuma waliambiwa tu kuwa mtoto wa Mama Chepkoech amepotea, na kwao mtoto wa Mama Chepkoech angekuwa nani mwingine? Tochi zote zikaigeukia boshori.

"Vua," Mama alisema.

Akavua.

"Kumbe ulishindwa kutoka humu."

"Nilitoka, Mama. Nilifika hadi karibu na dirisha."

"Ukarudia nini?"

"Walisema ni Chepkoech."

Chepkoech akamfuta mdogo wake theluji begani, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Nitarudishwa Nandi?"

"Hilo tutaliona. Kwanza hawa watu wameacha chakula kinapoa. Waambie ukweli."

Kimutai akaegemea baiskeli.

"Sikuwa na homa," akasema. "Nilisukutua chai ya moto kabla ya kipimajoto."

"Leo tu?"

Akainamisha kichwa.

"Na siku ya mtihani wa hisabati. Na Jumapili mbili zilizopita."